Tumemsubiri apone. Je, tunamdai?

Usiku wa Mei 25, 2022, mjini Tirana, Nicolò Zaniolo aliupokea kwa kifua mpira mrefu uliotoka nyuma, akaugusa kwa ncha ya kiatu kabla kipa wa Feyenoord hajamfikia, na Roma wakapata bao pekee la fainali ya Conference League, kombe la klabu za Ulaya. Alikuwa na miaka 22, na magoti yake yote mawili yalikwisha kupasuliwa. La kulia lilichanika Januari 2020 dhidi ya Juventus. La kushoto likafuata Septemba mwaka huohuo, akiwa na timu ya taifa ya Italia dhidi ya Uholanzi. Mashabiki wa Roma walimngoja mara mbili, na usiku ule waliona wamelipwa. Miezi minane baadaye, Januari 2023, mashabiki wa timu hiyohiyo walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba yake kwa hasira, kwa sababu alitaka kuondoka. Februari akaenda zake Galatasaray.

Kila klabu iliyowahi kuwa na kijana wa aina hiyo inayajua maswali mawili. La kwanza huulizwa usiku uleule machela inapoingia uwanjani: atarudi lini, na akirudi atakuwa yuleyule? La pili huchelewa. Hungoja mwezi wa tatu au wa nne, wakati picha za kijana akiendesha baiskeli ya mazoezi zimeshazoeleka, halafu mtu anakumbusha kwamba mkataba wake umebakiza miaka miwili: akipona, atabaki nasi au ataondoka? Hapo mazungumzo hubadilika sura. Aliyekuwa mgonjwa wetu anageuka kuwa mdaiwa wetu.

Mimi ni shabiki na hofu zote mbili zimeshaninyima usingizi, kwa hiyo siwabezi wenzangu. Ila naona tunakosea tunapoyafunga maswali haya katika fungu moja. Goti lina kalenda yake, na mkataba una yake. Tukizichanganya, tunamharakisha kijana arudi ili atuthibitishie moyo wake, na gharama ya haraka hiyo inalipwa na mwili.

Ligamenti ya mbele ya goti, utepe mgumu unaoishikanisha mifupa yake, ule tunaoujua kwa kifupi cha ACL, ikikatika haishonwi kama kidonda. Mara nyingi daktari huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti, akakipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa katika mifupa ili kishike nafasi ya ligamenti iliyokufa. Kipande hicho hakiwi ligamenti siku hiyo. Hudhoofika kwanza, kisha mwili unakijengea mishipa ya damu na kukigeuza taratibu, kwa miezi mingi. Tabu ni kwamba maumivu huisha mapema kuliko kazi hiyo. Mwezi wa tano kijana anakimbia, anacheka, anapiga danadana mbele ya kamera, na sisi tunaandika kwamba yuko tayari. Ndani ya goti mafundi bado wako kazini.

Utafiti kuhusu wanamichezo waliofanyiwa upasuaji huo umeonyesha kwamba kila mwezi unaoongezwa kabla ya kurudi, hadi kufikia wa tisa, hupunguza sana uwezekano wa goti kuumia tena. Na ujana, ambao sisi huuona kama kinga, unafanya kinyume. Kati ya wanamichezo wa chini ya miaka 25 wanaorudi kushindana, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena ligamenti hiyo, ama ya goti lilelile ama ya goti la pili. Zaniolo alirudi uwanjani Julai 2020, kabla miezi sita haijatimia, na Septemba goti la pili likamwachia. Siwezi kusema haraka ile ndiyo iliyomwangusha. Lakini kila ninaposikia "bado mdogo, huyo anapona upesi", namkumbuka yeye.

Ndiyo maana siku kijana anaporudi siutazami mpira. Natazama mguu anaotua nao baada ya kuruka, kama ni uleule mzima kila mara. Natazama mpira wa kwanza wa kugombewa, kama anaufuata hadi mwisho au anaurudisha mguu dakika ya mwisho. Oktoba 20, 2024, Gavi alirudi uwanjani na Barcelona baada ya miezi 11 ya jeraha la goti, katika ushindi wa mabao 5-1 dhidi ya Sevilla, zikiwa zimebaki dakika chache. Aliyempisha ni Pedri, na kabla hajatoka alivua kitambaa cha unahodha akamvalisha mkononi. Gavi alikuwa na miaka 20. Uwanja mzima ulisimama. Mimi nilikuwa nalitazama goti la kulia.

Sasa upande wetu sisi mashabiki, na nataka kuupa haki yake, kwa sababu wachambuzi wengi huupitia juujuu kana kwamba ni utoto. Subira ya shabiki ina uzito. Ni msimu mzima wa kumvumilia mbadala asiyeiona pasi ile ambayo kijana angeiona akiwa amefumba macho. Ni kuvaa jezi yenye jina la mtu ambaye hachezi. Ni kumtetea mbele ya wapinzani wanaosema amekwisha. Yote hayo yanatolewa kwa imani kwamba siku akisimama, atasimama na sisi.

Hakuna walioonja uchungu huo kuliko mashabiki wa Inter. Walimpata Ronaldo wa Brazil mwaka 1997 akiwa na miaka 20. Novemba 1999 goti la kulia likaumia. Aprili 12, 2000, akarudi katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Coppa Italia dhidi ya Lazio, na dakika chache tu baada ya kuingia alijaribu kumpita beki akaanguka bila kuguswa, kano ya chini ya kifuniko cha goti imekatika. Msimu uliofuata hakucheza hata mechi moja ya ligi. Wakamsubiri. Mei 5, 2002, Inter walipoteza ubingwa siku ya mwisho ya ligi kwa kufungwa 4-2 na Lazio, na kamera zikamkuta Ronaldo kwenye benchi akilia, uso ameufunika kwa mikono. Nani asingeamini machozi yale? Wiki chache baadaye aliipa Brazil Kombe la Dunia kwa mabao 8, mawili katika fainali dhidi ya Ujerumani, na dirisha la usajili lilipokuwa linafungwa akawa mchezaji wa Real Madrid. Mwaka 2007 akarudi Milan, mji wa Inter, safari hii na jezi ya mahasimu wao, AC Milan.

Shukrani ya punda ni mateke, ndivyo mashabiki wanavyosema, na kwa kisa cha Inter sina ujasiri wa kuwaambia wanyamaze. Hata hivyo naamini machozi ya Mei yalikuwa ya kweli. Alikuwa haelewani na kocha Héctor Cúper, na jambo hilo lilikuwa linajulikana. Mtu anaweza kuilia timu kwa dhati na bado akashindwa kuendelea kuishi ndani yake. Tunalikubali hilo katika ndoa na katika kazi. Katika mpira tunalikataa.

Upande wa pili una hoja ambayo huwa hatupendi kuisikia. Mshahara anaolipwa mchezaji akiwa kitandani si sadaka. Ni mkataba, na kwa kanuni za mpira jeraha peke yake si sababu halali ya klabu kuuvunja. Akiumia akiwa na timu ya taifa, kama ilivyomkuta Gavi Novemba 2023 Hispania ilipocheza na Georgia, FIFA ina mpango wa kuifidia klabu mshahara wake jeraha linapopita siku 28, hadi euro milioni 7.5 kwa mchezaji mmoja. Kwa hiyo ile kauli ya "tulimlipa mwaka mzima bila kucheza" haina nguvu tunayoipa. Tena kijana aliumia akiwa kazini. Goti lililopasuliwa ataondoka nalo siku akistaafu, na uzeeni atapanda nalo ngazi akiwa peke yake.

Halafu tuulize uaminifu wa klabu. Ansu Fati aliumia meniskasi, yaani gegedu linalokaa kati ya mifupa ya goti, Novemba 2020 dhidi ya Real Betis. Alikuwa amefikisha miaka 18 wiki moja tu kabla. Gegedu hilo lina mtihani wake: kulishona huchukua muda mrefu lakini hulihifadhi goti, kulikata humrudisha mchezaji mapema lakini humwachia goti lisilo na mto wake. Fati alipasuliwa zaidi ya mara moja. Alipokaribia kurudi, Barcelona wakampa jezi namba 10 iliyoachwa na Messi, na Oktoba 2021 wakamwongezea mkataba hadi 2027 wenye kipengele cha kuuvunja kwa euro bilioni moja. Kumwekea kijana aliyetoka hospitali mzigo wa jezi ile, kwangu mimi, kulikuwa kosa, japo najua walikusudia heshima. Kasi yake haikurudi kama zamani. Mwaka 2023 akapelekwa Brighton kwa mkopo, na 2025 akaenda Monaco, kwa mkopo tena. Hakuna aliyeita usaliti. Iliitwa hesabu za klabu.

Jack Wilshere naye, mtoto wa akademi ya Arsenal, alikosa msimu mzima wa 2011-12 kwa kifundo cha mguu na baada ya hapo majeraha hayakumwachia. Mkataba ulipokwisha 2018 akaondoka bure. Mapenzi yake kwa klabu hayakuwahi kutiliwa shaka, na hayakumsaidia kubaki.

Kwa hiyo tunamdai au hatumdai? Jibu langu ni kwamba kuna deni, ila ni dogo kuliko tunavyolihesabu, na halina uhusiano na kubaki milele. Kijana aliyesubiriwa anadaiwa namna ya kuondoka. Anadaiwa kuitendea haki klabu iliyohatarisha fedha kwa ajili ya goti ambalo hakuna aliyekuwa na hakika nalo, maana hapo ndipo klabu hutoa zaidi ya inavyolazimika: si mshahara wa wakati wa ugonjwa, bali mkataba mpya kabla ya kupona.

Mfano wangu ni Florian Wirtz. Machi 2022, akiwa na miaka 18, ligamenti ya goti la kushoto ilikatika Bayer Leverkusen walipocheza na Köln. Mei, bado akiwa majeruhi, akasaini mkataba mpya hadi 2027. Alirudi Januari 2023, tayari amelikosa Kombe la Dunia, na hakuna aliyemharakisha ili aliwahi. Aprili 14, 2024, aliifunga Werder Bremen mabao matatu siku Leverkusen walipotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi katika historia yao, na msimu ule wakaimaliza ligi bila kupoteza mchezo. Juni 2025 akaenda Liverpool kwa pauni milioni 100, bila kuhesabu nyongeza. Aliondoka, ndiyo. Lakini wino aliouweka akiwa majeruhi ndio ulioiwezesha klabu kudai dau lile.

Linganisha na Michael Owen. Msuli wa nyuma ya paja ulimchanika Aprili 1999 akiwa na miaka 19, na mwenyewe ameeleza kwamba baada ya hapo hakuwa tena mkimbiaji yuleyule. Liverpool walimlea katika majeraha yale. Mwaka 2004 alikwenda Real Madrid mkataba umebakiza mwaka mmoja, kwa takriban pauni milioni 8 na mchezaji mmoja juu, bei ndogo kwa mtu aliyekuwa na Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, ya 2001. Alipotua kwa mahasimu wao Manchester United mwaka 2009, kidonda cha mashabiki wa Liverpool kikawa cha kudumu. Zaniolo yuko katikati: alikuwa na haki ya kutaka kuondoka, lakini kugoma kuitumikia timu katikati ya msimu kuliharibu hata kumbukumbu ya Tirana. Na wale waliokwenda kusimama nyumbani kwake waliharibu haki ya hasira yao. Nyumba ya mtu si uwanja.

Namrudia Gavi, kwa sababu yeye ndiye anayetutenganishia maswali haya mawili waziwazi. Januari 2025, miezi mitatu baada ya kile kitambaa cha Pedri, alisaini Barcelona hadi 2030. Swali la kubaki likawa limejibiwa. Mwaka huohuo goti lilelile la kulia likamsumbua tena, safari hii meniskasi, na Septemba akarudi kwenye chumba cha upasuaji. Madaktari wakachagua kushona, si kukata, na klabu ikatangaza miezi minne hadi mitano nje. Wenzangu wengi waliuona muda huo mrefu mno. Mimi niliisoma taarifa ile mara mbili, na kilichonipa nafuu ni huo urefu wake.