Bandhani ya kuprinti iitwe jina lake

Kuna kitu kinaniuma kwenye hizi biashara za sari, na kinaniuma zaidi kila nikipita maduka ya onlaini. Unakuta sari ya polista, madoa yamepangwa yote saizi moja kama yametoka kwenye mashine (na kweli yametoka kwenye mashine), halafu muuzaji kaandika "bandhani original" bila hata wasiwasi, wakati bandhani ni kitambaa kinachofungwa vifundo kwa mkono ndio kikatiwa rangi. Watu wananunua, wanavaa kwenye harusi, wanajua wamevaa bandhani.

Bandhani ya kweli ni ya Gujarat na Rajasthan, India. Ukitaja Jamnagar, Bhuj, Jaipur, Jodhpur, umeshataja nyumbani kwake. Na ni kitu cha zamani mno, kule mapango ya Ajanta kuna picha za ukutani zina miaka zaidi ya 1,400 na ndani yake kuna wanawake wamevaa nguo za madoa ya aina hii hii. Sisi wa pwani hata hatuko mbali sana na hii habari, maana karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia (jamii ya wafanyabiashara) wa Kutch huko huko Gujarat, na majahazi ya bandari yao ya Mandvi yalikuwa yanakuja na kaskazi na kurudi na kusi miaka nenda rudi, kwa hiyo familia za Kigujarati zilizokaa Mombasa, Unguja na Dar sari hizi zinazijua vizuri.

Sasa angalia kazi yenyewe. Kitambaa kinaanza cheupe, hariri au pamba laini, kinakunjwa tabaka mbili au nne, kinapigwa mchoro kwa rangi ya udongo mwekundu ambayo baadaye inatoka kwa maji. Kisha kinapelekwa majumbani kwa wanawake wafungaji. Mfungaji anafuga ukucha wa kidole cha mwisho, au anavaa pete yenye ncha, anausukuma kwa chini ya kitambaa mpaka kinatokeza kidogo tu kama kichwa cha kiberiti, pale pale anakizungushia uzi mara kadhaa anakaza, na uzi haukati, anaruka nao kwenye doa linalofuata, na linalofuata, na linalofuata. Sari moja nzuri ina maelfu ya vifundo, zile za kazi nzito zinafika makumi ya maelfu na zinakula miezi. Malipo yanahesabiwa kwa kadi, kadi moja ni vifundo vinne. Vinne! Mtu anainamia kitambaa siku nzima akihesabiwa vinne vinne.

Rangi nayo inaenda kwa zamu, nyepesi kwanza. Kinachovywa njano, wanafunga tena yale madoa yanayotakiwa yabaki njano, kinachovywa nyekundu, wanafunga tena, ndio inakuja ile rangi iliyoiva kabisa, nyeusi au damu ya mzee. Kutia rangi ni kazi ya Makhatri, jamii ya watia rangi, wapo Wahindu wapo Waislamu, na watu wa Jamnagar watakuambia wekundu wao unatokana na maji ya kwao.

Mwishoni watu wawili wanashika sari huku na huku wanaivuta kwa nguvu na nyuzi zote zinafumuka kwa mlio wa tatata. Wauzaji wengine wanaiacha na nyuzi zake mpaka mteja aione, na mimi naona huo ndio uungwana wa biashara. Ikishafunguliwa pia utaijua tu, kitambaa kina mikunjo midogo na vinundu, na madoa hayafanani, hili limekaa upande, lile limebonyea. Iliyoprintiwa imenyooka tu.

Na hii nguo ina uzito wake kwenye familia. Bibi harusi wa Kigujarati anapewa sari ya panetar, nyeupe na nyekundu, na mjomba wake, halafu sari ya gharchola inatoka kwa wakwe, yenye miraba ya zari na ndani ya kila mraba kuna kazi ya vifundo. Kuna mpangilio unaitwa bavan baug, bustani 52. Mkwe akikuletea gharchola ya kuprinti akadai ni ya kufungwa, jamani, hapo kaanza vibaya.

Najua nitaambiwa "sio wote wana hela ya bandhani ya hariri." Ni kweli, na sina neno na mtu anayevaa printi, ni nguo halali na inapendeza. Ugomvi wangu ni jina. Ukiuza printi kwa jina la bandhani, mteja anaanza kuona bei ya yule mama wa Bhuj ni wizi, anamwambia mbona kule nimepata kwa robo ya hapo, na anayeumia ni huyo anayelipwa kwa vifundo vinne vinne.

Wagujarati wenyewe wameshaonyesha inawezekana. Kuna sari nyingine ya kwao inaitwa patola. Ile ya mji wa Patan, inayofumwa na familia za Salvi, nyuzi zinafungwa na kutiwa rangi kabla hata ya kufumwa, za kusimama na za kulala zote, inachukua miezi mingi na bei yake inatisha. Rajkot wanafuma ya bei nafuu, kwa kawaida wanafunga nyuzi za kulala tu, na sokoni inaitwa patola ya Rajkot. Mnunuzi anachagua kulingana na mfuko wake, hakuna aliyedanganywa. Kwa hiyo nyie wa maduka ya onlaini, andikeni tu "printi ya bandhani", ni neno moja la kuongeza.