Santuri ya dola 8, posta dola 24

Popote wapenzi wa santuri wanapokutana, iwe Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, lalamiko ni lilelile. Mtu amepata kwenye Discogs au eBay, masoko ya mtandaoni, sahani ndogo ya inchi 7 ya Simba Wanyika au Morogoro Jazz, kazi ya miaka ya 1970 iliyotengenezwa Nairobi, na sasa iko mikononi mwa muuzaji wa Ohio, Marekani. Bei yake, tuseme, ni dola 8. Anaweka anwani yake, na gharama ya usafirishaji inatokea: dola 24. Hapo hasira zinampanda. Kwake jibu liko wazi: huyu hauzi santuri, anauza posta.

Hasira hiyo si ya kubezwa. Muziki ulipigwa huku, mashabiki wake wa kwanza walikuwa huku, sahani ikaondoka na sanduku la mgeni au mzigo wa mkusanyaji, na leo kuirudisha nyumbani nauli ni mara tatu ya bei yake. Inauma. Lakini dola hizo 24, ukizifumua uzi kwa uzi, mara nyingi hazimwonyeshi mwizi. Zinamwonyesha mtu aliyefunga mzigo sawasawa, huku pesa nyingi zikipita mikononi mwake kwenda kwa wengine.

Tuanze na mizani. Sahani ya vinili ya inchi 7 ina uzito wa gramu 40 hivi, na karatasi yake inafikisha 50. Iweke sasa kati ya vibao viwili vya kadibodi, uitie kwenye bahasha ngumu, ubandike selotepu na fomu ya forodha, upime tena: gramu 200, pengine zaidi. Robo tatu ya uzito unaolipiwa ni kinga. Mnunuzi anadhani amelipia nauli ya wimbo, kumbe amelipia nauli ya boksi.

Na posta haihesabu gramu mojamoja. Inahesabu ngazi. Huduma ya vifurushi vidogo vya kimataifa ya posta ya Marekani ina ngazi nne: mpaka aunsi 8, mpaka 32, mpaka 48, na mpaka 64. Kwa gramu ni 227, 907, 1,361 na 1,814. Iangalie vizuri ngazi ya pili. Kifurushi cha gramu 228 na kifurushi cha gramu 900 kinachokwenda nchi ileile vinalipa sawa, senti kwa senti. Sahani moja ndogo iliyofungwa vizuri inakaa ukingoni mwa ngazi ya kwanza. Kibao kimoja kizito kidogo kinaisukuma ya pili. Ikishafika ya pili, nafasi iliyobaki ni karibu gramu 700, yaani sahani nyingine 10 na zaidi za inchi 7 zinazoweza kusafiri bila kuongeza chochote kwenye nauli.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza pesa zao, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Tuseme ngazi ya kwanza ni dola 24 na ya pili ni dola 32. Anayeagiza sahani moja analipa nauli ya dola 24 kwa sahani hiyo moja. Anayeagiza 12 kwa muuzaji huyohuyo ana gramu 600 za sahani na gramu 250 za boksi, jumla 850, bado yuko ngazi ya pili: dola 32 kugawa kwa 12 ni dola 2.67 kila moja. Boksi ni lilelile kwa namna yake, safari ni ileile, fomu ni ileile. Sahani ya kwanza ndiyo inayolipa nauli, zilizobaki zimepanda mgongoni mwake. Mtu anayenunua moja leo, moja mwezi ujao, moja tena Krismasi, kwa wauzaji watatu tofauti, amechagua njia ghali kuliko zote, kisha anamlaumu muuzaji.

Kwa LP, yaani sahani kubwa, hesabu ni finyu zaidi. Sahani ya inchi 12 ya kawaida ni gramu 140 hivi, jalada na mfuko wa ndani huleta jumla ya 230. Boksi bapa linalofaa ni gramu 200 na ushei, vibao viwili ni 140. Tayari uko 590. LP ya pili inakufikisha 820, bado ngazi ileile. Ya tatu inavuka 907 na bei inaruka. Kwa hiyo kwa muuzaji wa Marekani idadi yenye faida ni mbili. Ukitaka kuivuka, usiishie tatu. Jaza ngazi inayofuata mpaka karibu na mwisho wake.

Huko Ulaya posta kadhaa, ya Uingereza ikiwamo, zina mpaka kwenye gramu 500, na mpaka huo umeharibu santuri nyingi kuliko moto. LP moja iliyofungwa ipasavyo inauvuka. Muuzaji anayetaka aonekane nafuu ana njia moja tu ya kubaki chini yake: atoe vibao. Gramu 590 zinakuwa 450, posta inashuka, mnunuzi anafurahi na kuandika sifa. Wiki tatu baadaye jalada linafika na kona iliyokunjika, au limepasuka ukingoni. Hilo la kupasuka lina sababu yake. Kifurushi kikiangushwa kwa ubavu, sahani ndani ya jalada huteleza na kugonga mshono wa karatasi kama panga. Dawa yake inajulikana na haigharimu hata senti: toa sahani, itie kwenye mfuko safi, iweke nyuma ya jalada badala ya ndani yake. Lakini inataka dakika na mtu anayejali.

Vibao navyo vina ufundi. Kadibodi yenye mifereji hukunjika kirahisi kufuata mifereji yake, na ni vigumu kuikunja kwa kukatiza mifereji hiyo. Kwa hiyo kibao kimoja kiwe na mifereji ya wima, kingine ya ulalo. Hapo mzigo hauna upande wa kukunjikia. Vikatwe vizidi jalada kwa sentimita 1 kila upande, ili kona ikigongwa iumie kadibodi. Plastiki yenye viputo isiguse sahani yenyewe, maana joto na shinikizo huacha alama za duara juu ya vinili ambazo hazifutiki. Muuzaji aliyeyafanya haya yote ametumia robo saa na vifaa vya kununua kwa sahani ya dola 8. Tunapomwita mwizi kwa sababu jumla yake imezidi ya jirani yake kwa dola 5, tunamwadhibu kwa kufanya kazi.

Sahani za zamani zaidi, zile za mizunguko 78 kwa dakika, ndizo zinazomaliza ubishi. Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, na sahani za enzi hiyo ni za sheleki, resini ngumu iliyotumika kabla ya vinili. Sheleki haipindi, inavunjika. Moja ya inchi 10 ina gramu 200 hivi. Zinafungwa tano kwa pamoja, kadi laini kati ya kila mbili, vibao vilivyopishanishwa pande zote mbili, fungu libanwe lisicheze, kisha likae ndani ya boksi lenye sentimita 5 za karatasi iliyofinyangwa pande zote sita. Boksi hilo linakuwa kama sentimita 37 kwa 37 kwa 15. Kampuni kubwa za vifurushi vya ndege huzidisha vipimo hivyo na kugawa kwa 5,000: zinapata kilo 4.1. Mizani inasema kilo 2 hivi, lakini utalipia 4.1, kwa kuwa wanachukua kilicho kikubwa. Mnunuzi analipia hewa, naam, na hewa hiyo ndiyo inayoifikisha sahani ikiwa nzima.

Kuna pesa nyingine ambayo mnunuzi haioni. Discogs tangu 2023 inakata asilimia 9, na inaikata kwenye bei ya santuri pamoja na gharama ya usafirishaji. eBay nayo kwa miaka mingi imekuwa ikikata asilimia yake kwenye jumla yote. Chukua tena zile dola 24. Asilimia 9 ni dola 2.16. Mtoa huduma ya malipo anachukua karibu asilimia 4, senti 96. Zimeondoka dola 3.12 kabla kifurushi hakijafika dirishani. Sasa mnunuzi anapokea bahasha, anaona stempu ya dola 21, anapiga kelele kwamba ameibiwa dola 3. Dola hizo hazikuingia mfukoni mwa muuzaji wa Ohio. Ukiniuliza, makato haya juu ya nauli ndiyo yanayostahili kelele, ila hayaonekani kwenye bahasha.

Wengine hukumbuka enzi za mzigo wa meli, ulipokaa baharini miezi miwili lakini kwa bei ya kutia moyo. Posta ya Marekani iliifuta huduma ya kimataifa ya nchi kavu na majini mwaka 2007. Tangu hapo vifurushi vyake vya kuja huku hupanda ndege. Mwaka 2020 ndege za abiria ziliposimama, posta zilikosa nafasi ya mizigo na bei zikapanda zaidi. Muuzaji hakushika kalamu kwenye uamuzi wowote kati ya hiyo.

Hata hivyo upande wa mnunuzi una hoja ambazo utetezi huu haufiki. Wapo wauzaji wanaoweka santuri kwa dola 1 na usafirishaji kwa dola 40, mbinu iliyozaliwa wakati makato yalikuwa kwenye bei ya bidhaa pekee, na masoko yalianza kukata kwenye nauli kwa sababu yao. Wapo wanaoweka jedwali la kizembe: sahani ya kwanza dola 24, kila ya ziada dola 10. Tumeshaona kwamba sahani ndogo ya tatu, ya nne hadi ya kumi hazimgharimu chochote posta. Dola 10 hizo hazina mtetezi. Na wapo wanaotoza nauli ya kifurushi chenye namba ya ufuatiliaji, kisha wakatuma bila namba. Huyo amechukua ambacho si chake.

Kumtenganisha mmoja na mwingine si kazi kubwa. Kabla ya kulipa, muulize maswali mawili tu: kifurushi kikishafungwa kitakuwa na uzito gani, na utatuma kwa huduma ipi? Anayefunga mizigo kila siku anajibu kwa gramu ndani ya saa chache. Kisha ingia kwenye kikokotoo cha posta ya nchi yake, kiko wazi kwa umma, weka uzito na nchi unayoishi. Tofauti ya asilimia 15 juu ya bei ya posta ni makato na kadibodi. Tofauti ya nusu nzima ni jambo la kumwambia kwa adabu, na wengi hupunguza papo hapo, maana jedwali lao liliwekwa zamani na hawakulirudia.

Wengi wetu hupitia kwa mawakala wa mizigo wenye anwani Marekani au Uingereza. Kwa santuri njia hii ina nguvu, hasa Marekani, ambako huduma ya posta iitwayo Media Mail husafirisha vitabu na sahani ndani ya nchi kwa bei ya chini sana, na haipo kwa mizigo ya nje. Unakusanya kwa wauzaji watano, wakala anatuma mara moja kwa kilo. Ila mwulize kwanza kama anatoza uzito wa mizani au wa vipimo, na kama ana kiwango cha chini cha kilo. Mkataze kufungua na kufunga upya, kwa kuwa mafundi wa ghala hutupa vibao ili kupunguza uzito na kulaza LP chini ya viatu na vipuri. Vinili ikibanwa kwenye joto hupinda. Kwa kontena la meli hatari ni kubwa zaidi. Chuma kinachopigwa jua bandarini si mahali pa LP zilizolazwa. Mwambie azisimamishe wima.

Kodi iongeze kwenye hesabu mapema: VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, juu ya ushuru wa forodha wenyewe. Muuzaji akijitolea kuandika thamani ndogo kwenye fomu, kataa. Kifurushi kikipotea, fidia hufuata kilichoandikwa.

Anayenunua kwenye kibanda cha santuri Kenyatta Market, Nairobi, huishika sahani, huielekeza kwenye mwanga, huona mikwaruzo, hulipa na kuondoka nayo kwapani. Mtandaoni kila moja ya hatua hizo inafanywa na mtu mwingine kwa niaba yako, na kwa santuri nyingi inawezekana kuzigawa gharama hizo mpaka zivumilike. Inabaki hali moja ambayo hesabu haina dawa nayo: sahani moja uliyoitafuta miaka, kwa muuzaji asiye na nyingine unayoitaka, kilomita 12,000 kutoka kwako. Hapo hakuna ya pili wala ya tatu ya kupanda mgongoni. Mwambie aweke vibao viwili, avipishanishe mifereji, hata kama vinaivusha gramu 227.