Nikandeni miguu, habari za figo mwachieni daktari

Mtu anayenikanda nyayo hana haki ya kuniambia figo yangu inaumwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitoa kwenye chumba cha refleksolojia, ule ukandaji wa nyayo ambao wanasema kila sehemu ya unyayo ni ya kiungo fulani cha mwili, nikiwa na hasira, na hasira yenyewe bado sijaimaliza, ingawa nikisema ukweli mwili ulikuwa umelegea vizuri sana siku ile na usiku nililala fofofo.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanyiwa refleksolojia. Kazi yangu ni ya kusimama kutwa nzima, ikifika jioni visigino vinawaka moto, na kuna rafiki yangu kila tukionana ananiambia we nenda tu ukajaribu utanishukuru. Nikaenda. Unavua viatu, unaloweka miguu kwenye maji ya moto, unafutwa na taulo, unaegemea kiti kinacholala. Halafu yule dada akaanza, na mikono yake inajua kazi, hilo simnyimi. Sio kusugua sugua kama masaji nyingine. Anaweka kidole gumba kwenye unyayo, anakikunja, anakinyoosha, anakikunja tena, kinasogea kidogo kidogo bila kuachia ngozi hata mara moja, kinatoka kisiginoni kinapanda na ukingo wa ndani wa mguu mpaka kwenye dole gumba, kisha anarudi chini anaanza mstari mwingine. Ule ukingo wa ndani wanasema ndio uti wa mgongo. Vidole ni kichwa, pale chini ya vidole penye nyama nene ni kifua na mapafu, kwenye bonde la katikati ndio kuna tumbo na figo, kisigino ni kiuno na nyonga. Ini unalipata mguu wa kulia, moyo wa kushoto. Ramani imebandikwa ukutani na rangi zake, nikawa naiangalia mpaka macho yakaanza kufumba.

Gumba likafika katikati ya unyayo wa kushoto nikaruka kwa maumivu. Akatulia hapo hapo, akaminya tena, akauliza, "Dada, hapa panauma?" Nikasema panauma sana. Akasema, "Hiyo ni figo. Imechoka, imejaa sumu." Vile vichembe alivyokuwa anavisikia chini ya kidole akaniambia ni kristali za hiyo sumu. Basi, akaendelea na kazi yake kama mtu aliyesema mvua itanyesha.

Kwetu kuna mtu anasafishwa damu. Anaenda anafungwa kwenye mashine kwa masaa, anarudi hana nguvu hata ya kuongea, na familia nzima inaishi kwa ratiba ya hiyo mashine. Kwa hiyo ukinitajia figo mimi sisikii neno la kupitisha muda, nasikia hiyo mashine. Na ndugu yangu huyo unyayo haukumuuma hata siku moja. Hakuumwa popote. Ugonjwa wa figo unaweza kwenda miaka bila dalili yoyote, yeye walimgundua kwenye kipimo cha damu, kreatinini, ile taka ambayo figo hutakiwa kuitoa kwenye damu, ilikuwa imeshapanda vibaya, na kama angepimwa mkojo na damu mapema kidogo pengine leo tungekuwa tunaongea mengine. Sasa wewe unakuja na kidole chako unamwambia mtu figo imechoka, mwingine asiyekuwa na shida yoyote unamlaza macho, na yule mwenye shida kweli, ambaye pale kwenye bonde hapamuumi, anatoka kwako kifua mbele anaamini yuko salama. Huyo wa pili ndiye ananiumiza zaidi.

Halafu kwa nini pale panauma? Chini ya unyayo kuna utando mnene wa nyuzi unaotoka kisiginoni kwenda mpaka kwenye vidole, ndio unaobeba lile bonde, na mtu wa kusimama kutwa kama mimi ndio huo huo unaochoka na kuuma. Mguu mmoja una mifupa 26 na maungio zaidi ya 30, hapo bado hujahesabu misuli na kano zake. Sababu za kuuma zipo tele bila kuihusisha figo. Na kristali zipo kweli, za asidi ya yuriki, watu wa gauti, ule ugonjwa wa maungio kuvimba na kuuma, wanazijua vizuri, lakini zinakaa kwenye maungio, na daktari akitaka uhakika anavuta maji ya kwenye ungio kwa sindano anayaangalia kwenye hadubini. Hazitambuliwi kwa gumba lililopakwa mafuta.

Utaambiwa ni elimu ya Misri ya kale. Kuna picha zimechongwa kwenye kaburi la Ankhmahor, mkubwa mmoja wa enzi za mafarao, kule Saqqara, zina zaidi ya miaka 4000, zinaonyesha watu wanashikwa mikono na miguu, na wataalamu wenyewe wanabishana pale kinafanyika nini. Mimi nakubali kabisa binadamu amekandwa miguu tangu zamani. Ila ramani ya viungo ni ya juzi. Alianza William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo kule Marekani, ambaye mwaka 1917 alitoa kitabu na mwenzake Edwin Bowers, akaugawa mwili kwenye kanda 10 zinazoshuka kutoka kichwani mpaka miguuni. Miaka ya 1930 Eunice Ingham, naye wa Marekani, ndiye akakaa na miguu ya watu akachora kila kiungo mahali pake kwenye unyayo. Hakuna mshipa wa damu wala wa fahamu uliowahi kuonekana ukitoka kwenye hilo bonde kwenda kwenye figo kufanya hiyo kazi wanayosema. Na ramani zenyewe ukizitandika pembeni kwa pembeni hazikubaliani, hii inaweka kiungo hapa, nyingine inakisogeza kule.

Mwaka 2009 Edzard Ernst, profesa wa Uingereza anayechunguza tiba mbadala, alikusanya majaribio 18 yaliyofanywa kwa kulinganisha vikundi, hakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba refleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Ugonjwa, nasema. Kutulia ni kitu kingine, na hapa nawapa haki yao. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliofanyiwa wanawake 385 wenye saratani ya matiti iliyofika mbali, waliofanyiwa refleksolojia walipata nafuu kwenye shida ya kupumua, na kundi lingine waliokandwa miguu kawaida tu, bila hiyo ramani, walipata nafuu ya uchovu. Mtu ana saratani, amechoka na sindano, anakuja mtu anamshika miguu taratibu na anapata nafuu, nani atapinga hilo? Mimi nilikandwa mzima na bado nilitamani isiishe. Kushikwa vizuri na mtu asiye na haraka ni kitu kikubwa peke yake, kinatosha, hakihitaji kuongezewa figo wala ini ndipo kiwe na thamani.

Lakini sikasirikii figo yangu tu. Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja mtu mzima, ana presha, mkoba wake wa dawa yuko nao hapo mapajani. Akauliza polepole kama akija kila wiki anaweza kupunguza vidonge. Akajibiwa, "Mama, mwili unajitibu wenyewe, utaona." Hakuambiwa aache, ila hakuambiwa asiache, na kwa mtu aliyechoka na vidonge hilo ni jibu tosha. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia mama shikamoo, samahani naingilia, vidonge usiviguse mpaka umuulize daktari wako. Akanitazama akasema, "Mwanangu, vimenichosha." Na namwelewa kabisa, kumeza dawa kila siku ya maisha yako wakati huumwi popote sio jambo dogo. Ndiyo maana jibu alilopewa ni baya. Presha haiumi, inapanda kimya, na ikiachiwa inaleta kiharusi, na inakula hizo hizo figo walizokuwa wananitisha nazo mimi dakika kumi kabla. Yaani kwenye chumba kimoja, mtu mmoja anatishwa figo bila sababu na mwingine anafunguliwa mlango wa kuziua za kwake!

Watasema sio wote. Sawa, sio wote. Vyama vya wanarefleksolojia vyenye kanuni zao vinawakataza wanachama kutaja ugonjwa, kuandika dawa au kumgusia mtu habari za kuacha dawa zake. Kwa hiyo ninachodai hapa wenzao wenyewe wameshakiandika, sijakitunga mimi.

Na kabla ya soksi kuvuliwa kuna maswali ya kuulizwa. Una sukari? Mwenye sukari miguu inaweza kuwa na ganzi, anaminywa mpaka ngozi inaumia na hasikii, na kidonda kidogo hapo kinaweza kuishia mguu kukatwa. Una ujauzito? Una kidonda, umevunjika, gauti imewaka? Kuna mguu mmoja umevimba ghafla unauma kwenye kigimbi? Hilo la mwisho wasilipite kabisa, kwa sababu inaweza kuwa damu imeganda ndani, na bonge likiachia linapanda mpaka kwenye mapafu na linaua. Mimi sikuulizwa hata moja, na yule mama wa presha nimekaa naye mwanzo mpaka mwisho, naye hakuulizwa.

Kukandwa nitakwenda tena, visigino vyangu vinahitaji. Ila nitampigia simu kwanza huyo wa kunikanda nimwulize yeye huwa anauliza nini watu kabla hajawagusa, na akiniambia hakuna haja, mguu utamwonyesha kila kitu, nakata simu.