Mtoto anasoma fasta, haya muulize kasoma nini

Wazazi wenzangu naomba tuongee kidogo kuhusu hawa watoto wetu wa msingi, maana naona tunafurahi mapema mno. Kiswahili kinasomeka vile vile kilivyoandikwa, kwahiyo mtoto akishaiva kwenye ba be bi bo bu na zile za mwa, nya, ng'o basi chochote utakachomuwekea mbele anasoma, hata hotuba ya bajeti ataimaliza bila kukwama. Hapo ndo tunapodanganyika. Wa darasa la tatu anatiririka, tunapiga makofi, tunamrekodi tunarusha kwenye grupu la familia, na hakuna hata mmoja anayemuuliza hiyo stori inahusu nini.

Na maswali ya ufahamu wanayopewa mengi yanajibika bila kuelewa kitu. Cheki hii: "Kidomwa alilifyanza gobwe mtoni." Nani alilifyanza gobwe? Kidomwa. Alilifyanzia wapi? Mtoni. Umepata yote, tiki mbili, na hiyo sentensi nimeitunga sasa hivi haina maana yoyote. Ndo wanavyofanya watoto wetu, anachukua neno la kwenye swali analitafuta kwenye habari akiliona ananakili lililo pembeni yake, daftari linajaa tiki na mzazi analala usingizi.

Afu inakuja kuonekana kwenye hesabu. Mama alikuwa na machungwa 24, akauza robo, yaliyobaki akawagawia watoto 3 sawa kwa sawa, kila mmoja alipata mangapi? Mtoto anaona 24 na 3 anagawanya anaandika 8, na nyumbani tunasema hesabu hajui jamani, tunamtafutia tuisheni ya hesabu, wakati kugawanya anajua vizuri tu, ile habari ya machungwa ndo hajaielewa.

Mtaala wetu wa Tanzania wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili ulikazania KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mimi niliuunga mkono, bado nauunga mkono, mtoto asiyejua kusoma kabisa huwezi kumuuliza ufahamu. Ila tusiishie hapo. Najua pia toka elimu bila malipo ianze 2016 madarasa yamejaa, mwalimu mwenye watoto mia anawasomesha kwa pamoja kwa sauti, na kwenye sauti ya pamoja asiyejua anajificha. Siwalaumu walimu. Lakini hata kwenye darasa hilo inawezekana kusimama katikati ya hadithi ukauliza mnadhani sungura atafanya nini sasa, na kwanini, wageukiane wawili wawili wabishane dakika mbili afu msomaji aendelee, hapo hujaongeza kitabu wala semina. Na kule ambako watoto nyumbani wanaongea Kisukuma au Kimaasai, yale maneno magumu mwalimu ayaongelee kabla ya kusoma, sio baada ya watoto kuchemka.

Nyumbani nako, akimaliza kusoma mwambie afunge kitabu akusimulie kwa maneno yake mwenyewe, akuchanganyie humo Kiswahili cha mtaani hamna shida. Afu muulize kitu ambacho hakijaandikwa mule, kwanini yule dada alilia, wewe ungekuwa yeye ungefanyaje. Akikwambia "haijaandikwa" usimgombeze, ukurasa huo huo rudieni wote wawili, mtafute pamoja ni maneno gani yanaonyesha dada alikuwa na huzuni.