Kabla ya kuipandisha kompyuta ya mzee, muulizeni inafanya kazi gani

Jumamosi iliyopita baba mdogo alinipigia simu mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, jambo ambalo si kawaida yake, nami nikapanda teksi kwenda Jinja bila kumaliza chai. Kazi yake ni kukata stika: maneno yanayobandikwa kwenye vioo vya nyuma vya teksi, majina ya maduka, vibao vya shule, nembo za timu za mtaani. Mashine yake ya kukatia huongozwa na ThinkPad T42, laptopu iliyotoka mwaka 2004, kupitia kebo nene ya poti ya printa ambayo laptopu za siku hizi hazina kabisa. Nilimkuta ameketi kando ya meza, mikono magotini, huku wateja wawili wakisubiri mlangoni.

"Mwanangu," akaniambia, "kompyuta imerudi ikiwa nzuri, lakini haijui tena kukata."

Naandika makala haya nikiwa bado na hasira, kwa sababu kilichompata mzee huyu nimekiona mara nyingi mno Kampala, na kila mara anayeumia ni mtu ambaye mashine yake ilikuwa inamlisha. Alichokipeleka kwa fundi ni tatizo la saa. Betri kubwa ya laptopu ile ilikufa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo mashine hutegemea umeme wa ukutani peke yake, na umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Ikiwashwa tena husimama kwenye skrini nyeusi, huandika namba 0271, na kumtaka mwenyewe aweke tarehe na saa upya. Fundi hakuifungua mashine. Alitazama skrini, akaona Windows XP, akasema kwamba mfumo umezeeka na hauna budi kupandishwa kuwa toleo jipya zaidi, akafuta diski yote na kuweka Windows 7. Kesho yake umeme ulikatika, na 0271 ikarudi palepale ilipokuwa.

Lazima irudi. Kompyuta ikiwa haina umeme, saa yake haitunzwi na mfumo endeshi wowote, uwe wa mwaka 2001 au wa mwaka huu. Hutunzwa na betri ndogo ya duara, CR2032, ya aina ileile inayotumika katika vifaa vidogo vingi na kuuzwa madukani. Katika ThinkPad hii betri hiyo imevikwa plastiki ya njano, ikiwa na nyaya mbili nyembamba, nyekundu na nyeusi, zinazoishia kwenye plagi ndogo kuliko punje ya mchele. Niliitoa nikaipima kwa mita. Betri nzima husoma volti 3. Hii haikufika hata volti 1. Hilo ndilo lililokuwa tatizo zima, na hata malalamiko mengine ya baba mdogo, kwamba tovuti nyingi zilikuwa zinamkataa, kwa sehemu yalitoka hapohapo, kwa sababu kivinjari hulinganisha tarehe ya kompyuta na tarehe za cheti cha usalama cha tovuti, na kompyuta inayoamini kwamba tuko miaka ishirini nyuma hukiona kila cheti kuwa bado hakijaanza kutumika.

Miongoni mwa mafundi wetu kuna imani kwamba toleo la juu kabisa ambalo mashine inaweza kulibeba ndilo linaloifaa. Imani hiyo siikubali hata kidogo. Windows 7 inataka prosesa ya gigahezi 1, kumbukumbu ya gigabaiti 1 na nafasi ya gigabaiti 16 kwenye diski, na T42 ya baba mdogo inapita mtihani huo kwa shida. Lakini masharti hayo yanapima kama mfumo utawaka, hayapimi kama kazi itafanyika. Mashine ya kukatia ina draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, iliyoandikwa wakati wa XP, na aliyeiunda hakuandika nyingine. Kadi ya picha ya laptopu nayo ilikuwa na draiva yake kamili ndani ya XP, na baada ya kupandishwa ikawa inategemea ile ya jumla, ndiyo maana kuvuta herufi moja kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine kulikuwa kunaacha vivuli. Kila kilichoifanya kompyuta ile kuwa chombo cha kazi kilikuwa kimejengwa juu ya mfumo ule uliofutwa, na fundi angelijua hilo kwa kuuliza swali moja tu: mzee, hii unaifanyia nini?

Kilichoniumiza zaidi ni kitufe cha buluu. Juu ya kibodi ya T42 kuna kitufe kilichoandikwa Access IBM, na ukikibonyeza mashine inapowaka hukupeleka kwenye sehemu iliyofichwa ya diski, ambamo kiwanda kiliweka nakala ya mfumo wa awali ili mwenye mashine aweze kurudi alikotoka bila kumtegemea mtu. Nilikibonyeza. Hakikunipeleka popote. Fundi alipofuta diski alifuta na sehemu ile, pengine akiiona kuwa nafasi iliyopotea bure, na pamoja nayo zilikwenda michoro ya miaka 15: nembo za shule ambazo wakuu wake wa zamani wamekwisha staafu, maandishi ya Kiarabu ya msikiti ambayo shehe mwenyewe aliyasahihisha nukta kwa nukta akiwa amesimama nyuma ya kiti, na maneno ya madereva ambao wengine wameshafariki. Hakuna nakala iliyochukuliwa. Diski ile ni ya gigabaiti 40, na leo flashi ya mfukoni ingeimeza yote na kubaki na nafasi.

Jumatatu nilirudi Kampala na kwenda Nasser Road, kwa kuwa wachapaji wa pale ndio wanaozijua mashine hizi kwa mikono yao. Duka la kwanza hawakuwa na draiva, la pili walinielekeza la tatu, na huko mzee mmoja alifungua droo akatoa CD iliyofungwa kwa kitambaa, akanakili yaliyomo kwenye flashi yangu, na akakataa pesa. CD za kurejesha mfumo wa T42 nilizipata kwa rafiki aliyewahi kuwa na mashine kama hiyo. Mtu anayetaka kujua ni wapi elimu ya kompyuta za zamani inahifadhiwa katika nchi hii, aende kwenye droo zile.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba upande wa pili una hoja yenye uzito, nayo ni usalama. Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai malipo, iliposambaa Mei 2017 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kampuni hiyo ilitoa kiraka cha usalama cha XP ingawa muda ulikuwa umepita miaka mitatu. Kompyuta ya XP haipaswi kuingia kwenye mtandao, na ya baba mdogo haitaingia tena: nimezima mtandao wake usiotumia waya, na flashi za wateja zitapitia kwanza kwenye kompyuta nyingine. Hata hivyo, fundi aliyesema XP imezeeka alimpeleka kwenye Windows 7, ambayo nayo iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Alimtoa kwenye nyumba isiyo na mlinzi akamwingiza katika nyingine isiyo na mlinzi, na njiani akamwaga vyombo vyake.

Sipingi kupandisha mfumo. Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa na prosesa ya Pentium M, familia ileile ya T42, na niliiwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, kando ya mfumo wake wa zamani, kila mmoja katika sehemu yake ya diski, ili ya kale ifanye kazi zake na mpya iende kwenye mtandao. Mara ya kwanza kisakinishi kilikataa, kikidai kwamba prosesa haina uwezo wa kutumia kumbukumbu kubwa zaidi unaoitwa PAE, ilhali inao. Prosesa nyingi za aina hiyo zina uwezo huo lakini hazijitangazi, na dawa yake ni kuandika neno moja, forcepae, wakati wa kuwasha. Nilipoteza usiku mzima kabla ya kulijua neno hilo, na kwa bei yetu ya data hapa Uganda, ambayo tangu Julai 2021 imebeba kodi ya asilimia 12, usiku wa kupakua na kujaribu si jambo dogo. Muda wa kufanya hivyo unazidi kupungua: Debian, mojawapo ya aina za Linux, katika toleo la 12 la mwaka 2023 bado ina kisakinishi cha kompyuta za biti 32 kama hizi za zamani, lakini Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena. Yeyote mwenye mashine ya aina hii na apakue toleo hilo la 12 sasa, aliweke mahali salama.

Ninachowaomba mafundi wetu, na ninawaomba kwa heshima kwa kuwa wengi wao wamejifunza bila darasa na bila vitabu, ni kwamba kabla ya kugusa mfumo wa mashine kongwe waifungue, wapime betri, wamwambie mwenyewe aonyeshe kazi anayoifanya, kisha wanakili diski yote kabla ya kufuta hata faili moja. Na mwenye mashine akisema anaridhika na toleo alilonalo, jibu lake liheshimiwe. Mashine ni yake na riziki ni yake.

Jumatano nilirudi Jinja. Niliweka betri mpya, nikarejesha XP, nikaweka draiva, na baba mdogo akaanza kuichora upya nembo ya shule moja kwa kuitazama kwenye picha ya kibao iliyopigwa kwa simu. Kabla ya kukata aliniambia nisubiri, akachomoa plagi ukutani yeye mwenyewe, akahesabu polepole hadi sitini, akairudisha na kuwasha. Skrini ilipita moja kwa moja bila kuuliza tarehe. Akasogeza kiti, akabonyeza, na kisu kikaanza kutembea.