Nyuzi milioni moja kwa siku: paa la asbesto liachwe au liondolewe?

Mwambie fundi wa paa kwamba mabati ya kijivu anayoyakanyaga yana asbesto, naye atakuuliza: kama ni sumu, mbona watu wamelala chini yake miaka hamsini na hawajafa? Ni swali la haki na lina ukweli ndani yake. Mabishano yote kuhusu asbesto kazini, kati ya wanaotaka iondolewe yote na wanaotaka iachwe ilipo na kuchungwa, yanaanzia kwenye swali hilo.

Hayo tunayoyaita mabati si bati. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayochimbwa ardhini, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Wajenzi wa zamani waliyapenda kwa sababu za maana kabisa: hayashiki kutu, hayapitishi joto kama bati, na mvua ikinyesha mwalimu anaweza kuendelea kufundisha bila kupiga kelele. Ndiyo maana utayakuta juu ya shule, zahanati, stesheni na nyumba za watumishi zilizojengwa kabla ya miaka ya 1990. Saruji huzishika nyuzi zile, na bamba zima lisiloguswa hutoa nyuzi chache sana hewani. Aliyelala chini yake hakuwa kwenye hatari sawa na aliyepanda juu na msumeno. Kwa hiyo fundi anayeuliza swali hilo ana haki ya kulijua jibu lake lote: kwa sehemu kubwa hatari haimhusu aliyelala chini, inamhusu yeye. Inazaliwa pale anapokata, anapotoboa, anapovunja, anaposugua kuvu kwa brashi kavu.

Zikishapenya mapafuni, nyuzi hizo hazitoki kirahisi wala haziyeyuki. Huleta makovu ya mapafu yaitwayo asbestosisi, saratani ya mapafu, na mesothelioma, ambayo ni saratani ya utando unaofunika mapafu au matumbo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aina zote za asbesto, nyeupe, bluu na kahawia pamoja na nyinginezo, kwenye kundi la vitu ambavyo bila shaka vinasababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asbesto ya kazini inaua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka. Na kati ya siku ya kuvuta vumbi na siku ya kuugua hupita miaka 20, 30, hata 50. Kijana wa miaka 22 anayekata bamba leo atakohoa akiwa babu, na hakuna atakayekumbuka paa lile.

Hoja ya kuacha na kuchunga ina mfano wake mkubwa Uingereza. Nchi hiyo ilipiga marufuku asbesto ya bluu na kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999, lakini majengo yaliyokwisha kujengwa yalibaki nayo. Tangu 2004 sheria inamtaka anayesimamia jengo lisilo la makazi aitafute asbesto iliyomo, aiandike kwenye daftari, aikague hali yake kila baada ya muda, na amwonyeshe daftari hilo fundi yeyote kabla hajagusa ukuta. Isiyoharibika huachwa. Mwaka 2022 kamati ya bunge la nchi hiyo ilipendekeza iwekwe tarehe ya mwisho, miaka 40, ya kuiondoa yote kwenye majengo yasiyo ya makazi. Serikali ikakataa. Ilisema kuiondoa kwa wingi kungewaweka mafundi kwenye vumbi ambalo lisingekuwapo kama ingeachwa.

Sababu hiyo si ya kupuuza. Kuondoa paa ndilo tendo lenye vumbi kuliko yote katika maisha ya paa hilo. Tena kuna kifo kingine kinachosahaulika katika mjadala huu: bamba kuukuu la saruji halimstahimili mtu. Hukatika chini ya mguu bila onyo, na fundi akaanguka sakafuni. Huyu hasubiri miaka 30.

Lakini mpango wa Uingereza unakaa juu ya daftari. Ondoa daftari, na maneno "acha na uchunge" yanabaki "acha" peke yake. Nimeingia katika shule ambazo mwalimu mkuu hajui paa lake limetengenezwa kwa nini, wala aliyemtangulia hakumwachia karatasi yoyote. Kisha unafika mradi mzuri wa umeme wa jua. Fundi umeme anapanda na drili, anatoboa matundu thelathini ya kushikia paneli, vumbi jeupe linamwangukia usoni, anajipangusa kwa mkono, anaendelea. Hakuna aliyemdanganya, ni kwamba hakuna aliyejua. Nalo jua letu na mvua zetu haziliachi bamba katika hali liliyokuwa nayo. Saruji ya juu humomonyoka, nyuzi hubaki wazi, maji huzisomba hadi kwenye mtaro na kuziacha zikauke pale.

Upande wa pili, wa kuondoa yote, nao una mifano. Poland ilijiwekea mpango wa kusafisha nchi nzima ifikapo 2032. Karibu nasi zaidi, Rwanda iliamua kuyang'oa mapaa ya asbesto nchi nzima, kuanzia majengo ya serikali hadi nyumba za watu binafsi, na kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Uzuri wa njia hii ni kwamba ina mwisho. Bamba lililozikwa vizuri halihitaji mwalimu mkuu wa kulikumbuka.

Ugumu wake ni fedha, na ni mkubwa. Uholanzi, nchi tajiri, ilikusudia kupiga marufuku mapaa yote ya asbesto kuanzia 2024, na mwaka 2019 Seneti yake ikaikataa sheria hiyo, gharama kwa wenye nyumba zikiwa miongoni mwa sababu. Kwetu, paa likiondolewa bila bajeti ya kuliondoa inavyotakiwa, najua linakokwenda. Mabamba hutupwa chini kutoka juu, yakapasuka. Mazima huuzwa kwa bei ya kutupa na kuwa mabanda ya kuku. Vipande hufukia mashimo ya njia, na kila gari linalopita linasaga tena kilichokuwa kimetulia juu ya shule. Hapo tumelihamisha tatizo kutoka kichwani kwa watoto hadi miguuni mwao, na tumelisaga kabisa.

Sheria si kwamba hazipo. Kanuni za usimamizi wa taka za Kenya za mwaka 2006 zinahesabu taka za asbesto kuwa taka za hatari, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, ina mwongozo wa kuziondoa na kuzizika. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, Tanzania ina yake ya 2003, na zote mbili zinamwekea mwajiri jukumu la kulinda afya ya anayemfanyia kazi. Pengo liko kati ya karatasi hizo na kibarua wa siku mbili aliyechukuliwa kijiweni.

Hapo ndipo linapokuja suala la kupima hewa, ambalo wengi huliona kama suluhisho la kisayansi linalomaliza ubishi. Hupimwa hivi: mfanyakazi hufungwa pampu ndogo kiunoni, mpira wake ukapanda hadi karibu na kola, mwishoni kuna chujio. Pampu huvuta hewa ile ile anayoivuta yeye. Baadaye chujio hupelekwa maabara, na mtu huketi kwenye hadubini na kuhesabu nyuzi moja moja. Zinazohesabiwa ni zile zenye urefu unaozidi mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wembamba usiofikia mikroni 3, na urefu angalau mara tatu ya upana. Hadubini ya kawaida haizioni nyuzi nyembamba sana, wala haiwezi kutofautisha uzi wa asbesto na uzi mwingine wenye umbo hilo. Kwa hayo inahitajika hadubini ya elektroni, ambayo ni ghali zaidi.

Kikomo kilichozoeleka, Marekani tangu 1994 na Uingereza vilevile, ni uzi 0.1 kwa kila sentimita moja ya ujazo ya hewa. Kinasikika kidogo mno. Tufanye hesabu. Mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo milioni moja, kwa hiyo uzi 0.1 kwa kila moja ni nyuzi 100,000 katika mita moja ya ujazo. Mtu anayefanya kazi ya kawaida huvuta takriban mita 10 za ujazo kwa zamu ya saa nane. Hizo ni nyuzi milioni moja kwa siku, na bado yuko ndani ya sheria. Sisemi kikomo hakina maana. Nasema kisisomwe kama mstari unaotenganisha usalama na hatari. Marekani yenyewe ilianza na 12 mwaka 1971, ikashuka hadi 5, kisha 2, kisha 0.2 mwaka 1986, ndipo ikafika 0.1. Umoja wa Ulaya sasa umeshuka hadi 0.01, sharti lililowekewa tarehe ya Desemba 2025. Kila kimoja, siku kilipopitishwa, kulikuwa na watu walioambiwa kwamba sasa wako salama.

Historia hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali hoja ya wazalishaji wa asbesto nyeupe, kwamba ikitumiwa kwa uangalifu haina tatizo. Hoja yao imesaidia kuizuia asbesto nyeupe isiingie kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya kemikali hatari, mkutano baada ya mkutano, kwa kuwa uamuzi pale huhitaji maafikiano ya wote. Matumizi ya uangalifu yanahitaji kiwanda chenye feni za kunyonya vumbi, vipimo na mkaguzi. Bamba likishauzwa, linafika kwa fundi mwenye grenda na barakoa ya kitambaa, ambayo kwa vumbi hili haizuii kitu. Barakoa inayofaa ni ile ya chujio la daraja la P3, iliyokaza usoni.

Sasa, kipimo kina faida gani kwa kibarua wa siku mbili? Majibu yatatoka maabara yeye akiwa kwenye kazi nyingine. Kwa huyo kipimo hakikingi. Kinachomkinga ni namna ya kuifanya kazi: kulowesha bamba kabla ya kuligusa, kufungua misumari badala ya kuvunja, kuteremsha mkononi au kwa kamba badala ya kurusha, kulifunga kwa nailoni nzito, kufagia kwa kitambaa chenye maji na si kwa ufagio mkavu. Vivyo hivyo gereji, ambako breki nazo huweza kuwa na asbesto: kwenye magari ya zamani na vipuri visivyojulikana vilikotoka, ngoma ya breki ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isipulizwe na kompresa. Kisha nguo za kazi zibaki kazini. Uchunguzi uliofanywa London katika miaka ya 1960 ulikuta mesothelioma kwa watu ambao hawajawahi kuingia kiwandani, ila waliishi nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto. Mke anayekung'uta ovaroli uani kabla ya kuifua naye yuko kazini, bila mshahara.

Hata hivyo nakitaka kipimo, kwa sababu mbili. Kwanza kinajaribu mbinu: mamlaka ikipima mara kadhaa jinsi nyuzi zinavyoruka paa likiondolewa likiwa limeloweshwa na likiwa kavu, fundi wa kesho anafaidika bila kufungwa pampu. Pili, kipimo ni ushahidi. Maelfu ya Waafrika Kusini waliougua kutokana na migodi na vinu vya Cape, kampuni ya asbesto ya Uingereza, walilazimika kupigania mahakamani London haki ya kusikilizwa tu, hadi uamuzi wa mwaka 2000, muda mrefu baada ya kampuni kuondoka. Kibarua wetu atakayeugua mwaka 2055 atadai fidia kwa nani, na kwa karatasi ipi?

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani, nasema hivi. Pale penye daftari na mtu anayewajibika nalo, bamba zima liachwe. Pale ambapo daftari halipo wala halitazamiwi, na ndivyo ilivyo katika shule zetu nyingi, kuacha ni kumwachia mzigo fundi asiyejua, na mpango wa kuondoa lazima uwepo, ukianza na yaliyopasuka na yanayomomonyoka. Fedha ya kwanza isiende kununua bati jipya. Iende kwenye orodha: jengo gani, paa gani, hali gani. Rangi nyekundu na maandishi ya Kiswahili kwenye ngazi ya kupandia paa, "Asbesto: usikate, usitoboe", ni kopo moja la rangi, na yangemzuia yule fundi umeme kabla ya tundu la kwanza. Natambua udhaifu wa msimamo huu: orodha inaweza kuwa kisingizio cha kutofanya kingine chochote kwa miaka ishirini. Ndiyo maana kila jengo liandikiwe pia mwaka wa kukaguliwa tena na jina la cheo kinachowajibika.

Na orodha nyingine ikae kwa daktari. Maji yanayojaa kwenye utando wa mapafu, mtu akikonda na kukohoa, kwetu ni rahisi kudhaniwa kifua kikuu, akaanzishiwa dawa, akarudi baada ya miezi akiwa vilevile. Mgonjwa wa miaka sitini aulizwe si kazi anayofanya sasa tu, bali aliyoifanya akiwa na miaka ishirini, na kama aliwahi kupanda paa la kijivu akiwa na msumeno mkononi. Jibu liandikwe kwenye faili lake, tarehe na mahali.