Mitishamba ya Kichina na presha: tukubali kipi, tukatae kipi

Mtu akiambiwa ana presha, na kwamba vidonge huenda akavimeza maisha yake yote, kitu cha kwanza anachotafuta ni mlango wa kutokea. Mlango unaotajwa sana siku hizi, kuanzia kliniki za Kichina za Dar es Salaam na Nairobi hadi kwenye makundi ya WhatsApp, ni dawa za mitishamba kutoka Uchina. Wanaozisifu husema zimetumika maelfu ya miaka na hazina kemikali. Wanaozibeza husema ni majani makavu tu. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa la upande wa kwanza ndilo linalompeleka mtu kwenye kiharusi.

Nianze na hoja ya umri, maana ndiyo inayowavuta wengi. Tiba ya Kichina ni ya kale kweli. Lakini presha kama ugonjwa unaojulikana kwa tarakimu si ya kale hata kidogo. Mashine ya kufunga mkononi ililetwa na daktari Mtaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na namna ya kusikiliza mapigo ya damu wakati wa kupima ikaelezwa na Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905. Kabla ya hapo hakuna tabibu, wa Beijing wala wa Bagamoyo, aliyeweza kujua kwamba mgonjwa wake ana 170 kwa 100. Walichokiona matabibu wa Kichina ni kizunguzungu, kichwa kuuma, uso kuiva, hasira za haraka na usingizi wa shida. Wakasema yang ya ini, yaani nguvu yake ya joto, imepanda, wakatafuta mimea ya kuituliza. Hata Tianma Gouteng Yin, mchanganyiko maarufu kuliko mingi kwa wenye presha, ulichapishwa na daktari Hu Guangci katika miaka ya 1950, wakati mashine za kupimia zilikuwa zimeshaenea.

Hayo hayafanyi mimea hiyo kuwa bure. Chukua gouteng, mmoja wa mimea miwili iliyoupa mchanganyiko huo jina. Ni vijiti vya mmea mtambaazi vyenye miiba iliyopinda kama ndoana. Muuza dawa anayeijua kazi yake huvipima kwenye mizani, huvifungia kando, kisha humwagiza mgonjwa: magamba ya konokono wa baharini yatangulie kuchemka, gouteng itiwe mwishoni, dakika chache kabla ya kuepua. Maabara zilipokuja kuichunguza zikakuta ina viini vinavyolegeza mishipa ya damu, kikiwamo rinkofilini, na kwamba kuchemshwa muda mrefu huviharibu. Waliotunga sharti lile hawakuwa na maabara, na bado walilipata kwa kuangalia na kukumbuka. Hiyo ni elimu, na anayeidharau hajui anachodharau. Ila papo hapo ile sifa ya "haina kemikali" inaanguka: kinacholegeza mshipa ni kemikali, iwe imetoka kiwandani au msituni.

Shida kubwa iko kwenye ugonjwa wenyewe. Presha mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kulima, kuswali, kucheza ngoma harusini, na damu yake ina msukumo wa 180. Kwa hiyo ule ushuhuda wa "nilikunywa wiki mbili nikajisikia mwepesi" hautuambii lolote kuhusu presha. Kichwa kimeacha kuuma, sawa, na ni nafuu ya kweli kwa aliyekuwa akiumwa. Moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaweza kuwa vinaendelea kuumia vilevile.

Ushahidi wa kisayansi, je? Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochuja tafiti za tiba, walitafuta majaribio yanayolinganisha Tianma Gouteng Yin na dawa bandia au na kutotibiwa kabisa. Hawakupata hata moja lililotimiza masharti yao. Miaka 10 baadaye hali ilikuwa imesogea. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 liliwahusisha watu zaidi ya 600 nchini Uchina wenye presha iliyopanda lakini isiyo kali. Baadhi walipewa kapsuli za Songling Xuemaikang, zenye majani ya msonobari, mzizi wa gegen na unga wa lulu. Wengine walipewa losartani, dawa ya presha ya hospitali. Mgonjwa hakujua anameza nini, wala daktari wake. Baada ya wiki 8, kapsuli hazikuzidiwa na losartani kwa kiwango cha maana.

Naliheshimu jaribio hilo kuliko shuhuda elfu moja. Hata hivyo lilikuwa la wiki 8, kwa watu ambao presha yao haikuwa kali, na bila kundi la vidonge bandia, ilhali presha ya watu walioingia kwenye utafiti huwa inashuka kidogo hata wasipopewa kitu. Wala halikuweza kujibu swali la msingi: je, viharusi vinapungua? Dawa za hospitali zimelijibu. Katika jaribio la SHEP la Marekani, lililochapishwa mwaka 1991, wazee zaidi ya 4,700 walifuatiliwa kwa miaka, na walioanzishiwa klotalidoni, dawa ya bei nafuu ya kukojosha, walipata viharusi pungufu kwa asilimia 36 kuliko waliopewa vidonge bandia. Kwangu mimi hapo ndipo mizani inapolala.

Upande wa hatari, tukio la Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 halipaswi kusahaulika. Kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels iliwapa wanawake vidonge vilivyotakiwa kuwa na mzizi uitwao fangji. Ukaingia mzizi mwingine, guang fangji, wenye asidi ya aristoloki. Watu zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kinachonitisha ni kwamba fangji halisi ina tetrandini, ambayo hushusha presha kwa njia inayofanana na ya amlodipini, kidonge cha presha cha hospitali. Mwenye presha anaweza kuandikiwa mzizi sahihi na akauziwa ule wa pili.

Kuna pia mimea inayopandisha presha. Gancao, mzizi mtamu unaotiwa kwenye michanganyiko mingi mno, ukitumika kwa wingi hufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu. Mahuang, inayotumika kwa kikohozi na pumu, hupandisha pia; Marekani iliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004.

Halafu vipo vidonge vya Zhenju Jiangya, vinavyouzwa Uchina kwa jina la lulu na ua liitwalo krisanthemu. Ndani yake, pamoja na hivyo viwili, mna klonidini na haidroklorothiazaidi, dawa za hospitali kabisa. Kule hilo si siri, limeandikwa kwenye pakiti. Lakini aliyeletewa na wakala huku kwetu, asiyesoma Kichina, atasifu ua. Na akiamua kuacha ghafla, klonidini ina tabia ya kuirudisha presha juu kwa kishindo.

Simlaumu anayekimbia vidonge. Amlodipini huvimbisha miguu, enalapili huleta kikohozi kikavu, na kikohozi hicho huwapata Wachina zaidi kuliko Wazungu. Lakini daktari akiambiwa anaweza kubadilisha dawa. Mgonjwa akinyamaza na kuhamia kwenye chupa ya mitishamba, hakuna wa kumsaidia. Wapo wanaoona kudai vipimo ni kudharau tiba za Waasia. Mbona artemisinini, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria tunayoimeza, ilitoka kwenye mmea wa Kichina, na mtafiti wa Kichina aliyeigundua, Tu Youyou, akapata Nobeli mwaka 2015? Alikitoa kiini kwenye mmea, akakisafisha, dozi ikajulikana.

Mwenye 145 kwa 92, asiye na kisukari wala ugonjwa wa figo, asiye mjamzito, ambaye daktari wake anajua na anampima, sioni sababu ya kumfokea akitaka kujaribu. Mwenye 180 asijaribu. Na aliyekwishaanza asiache chochote ghafla, si vidonge wala mitishamba. Avibebe vyote kliniki pamoja na pakiti zake, na muuzaji atakayekataa kutaja kila kilichomo na kipimo chake, asirudi kwake tena.